Niliuza Ng'ombe wa Kitovu Ninunue Friza

Mpendwa Bi Swaleha, naomba msaada wako, na naomba pia usiiweke barua hii kando kabla ya kufika mwisho, maana mwanzo wake ni mzuri na hapa chuoni kila mtu ananipongeza, ila mwisho wake ndio unaoninyima usingizi.

Mimi naitwa Jaldesa, kwetu ni Minjila karibu na Garsen, sisi ni Waorma, wafugaji, na niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja huku pwani. Mwaka jana alikuja mtu kutufundisha jinsi mwanafunzi anavyoweza kuanzisha biashara yake mwenyewe bila kungoja kuajiriwa, akasema kila mmoja aangalie nyumbani kwao kuna mali gani imelala, kwa sababu mali iliyolala ni mtaji uliokufa, na wenzangu wakaanza kucheka ukumbini, mmoja akasema kwao aliyelala ni babake tu, lakini mimi sikucheka kwa sababu nilijua nina ng'ombe.

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu kikidondoka, baba humtengea ndama jike, na ndama huyo na uzao wake wote huwa mali ya mtoto hata kama anayewachunga ni baba, kwa hiyo mimi nimekua nikiwajua wangu kwa alama ya sikio. Mmoja wao ni Dimtu, ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, na Dimtu hakuwa kwetu, baba alikuwa amempa mama mmoja anaitwa Qabale amkamue, mjane wa rafiki ya baba, ambaye ng'ombe wake wote walikwisha wakati wa ukame na ana watoto wadogo. Desturi yetu ni kwamba asiye na ng'ombe hupewa ng'ombe wa kukamua, maziwa yanakuwa yake, ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe, na hakuna mtu anayekwenda kumchukua ng'ombe huyo wakati bado anatoa maziwa. Hata mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo. Mimi pia nilikuwa nalijua, Bi Swaleha, sitaki kukudanganya na wewe.

Likizo ilipofika baba alikuwa ameshateremka na kundi kwenye malisho ya delta, nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo, nikaenda kwa Qabale asubuhi nikamwambia nimekuja kumchukua Dimtu. Akaniangalia, akaniuliza, "Babako anajua?" Nikamwambia anajua. Alimfungua Dimtu na ndama wake kwa mkono wake mwenyewe, akanipa kamba, akasema, "Haya, enda. Mungu akusaidie usome mpaka mwisho." Mtoto wake mdogo, aliyeachishwa ziwa juzijuzi tu, alikuwa ameshika mkia wa ndama na ilibidi mamake ambandue vidole.

Nikawauza wote wawili sokoni Garsen, maana ng'ombe wetu hatoi maziwa ndama wake asipokuwepo, na aliyenunua ni mfanyabiashara wa mifugo kutoka Madogo anaitwa Abdiaziz, nikarudi chuoni nikanunua friza. Tangu hapo nauza maziwa na mwanafunzi mwenzangu Hanan, msichana wa Kipini mwenye maneno matamu kwa wateja, mama ananikusanyia maziwa kwa wamama wa Minjila, basi la asubuhi linayaleta, na wanafunzi wa hosteli wanayapenda kwa sababu yana ile harufu ya moshi ya vibuyu vyetu, na kusema kweli biashara inakwenda.

Halafu baba akarudi kutoka malishoni. Alinipigia simu mara moja tu. Nilianza kujitetea kwamba yule ni ng'ombe wangu wa kitovu, akanikata, akasema, "Sikuulizi habari ya ng'ombe. Nakuuliza Qabale anakamua nini." Akakata simu, na sasa nikipiga anampa mama aongee. Mama ndiye aliyeniambia kwamba watoto wa Qabale wanakunywa chai ya rangi, na kwamba Qabale alikuja nyumbani kurudisha kibuyu ambacho mama alimpa pamoja na Dimtu, amekiosha, amekifukiza moshi vizuri kama kawaida, akakiweka mlangoni na kusema hana kazi nacho tena. Mama amekitundika ukutani, hataki mtu akiguse.

Nimempigia Abdiaziz. Dimtu bado yuko Madogo, na yule mtu ana utu, amesema atanirudishia mama na ndama kwa bei ileile, ila mwisho wa mwezi anahamisha mifugo yake na baada ya hapo hataweza kuniahidi chochote. Mimi sina cha kuuza isipokuwa friza, na friza ikiondoka biashara imekufa, na Hanan nitamwambia nini, yeye anajua tu kwamba niliuza ng'ombe wangu, hajui ng'ombe huyo alikuwa anamlisha nani. Kwa upande mwingine najiambia nikivumilia mpaka nimalize chuo nitamnunulia Qabale ng'ombe wawili badala ya mmoja, je hiyo si heri zaidi kwake? Nisaidie, mama yangu, naona nikichagua huku nimejiumiza na nikichagua kule nimeumiza watu.

Jaldesa, wa Minjila.

BI SWALEHA ANAJIBU

Jaldesa mwanangu, barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na pale kwenye vidole vya yule mtoto nilisimama kidogo. Nashukuru hukunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umesema ulijua, umesema ulidanganya, basi tunaweza kuzungumza kama watu wazima.

Mali iliyolala! Hivi Dimtu alikuwa amelala wapi? Ng'ombe anayeamka alfajiri akanywesha nyumba nzima ya mayatima, huyo ndiye unayemwita mtaji uliokufa? Yule mwalimu wenu simlaumu, hakumjua Qabale. Wewe ulimjua.

Ng'ombe ni wako kweli, na hilo halina ubishi. Ndiyo maana mama wa watu alikufungulia bila kukubishia. Lakini maziwa hayakuwa yako, Jaldesa. Baba yako alishayatoa, na kwenu kilichotolewa hivyo hakirudishwi mpaka kikauke chenyewe. Wewe ukauza ng'ombe wako pamoja na maziwa ya watoto wa mwenzio, kisha ukaenda kununua friza, ili uuze nini? Maziwa. Nasikitika kukwambia hivyo, lakini bora ulisikie kwangu.

Sasa hii habari ya ng'ombe wawili ukishamaliza chuo, iache kabisa. Mtoto aliyeachishwa ziwa juzi hanywi ahadi. Kufikia utakapovaa joho yeye atakuwa ameshaota meno yote na kulala njaa siku zisizo na idadi. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, na ni kweli, ila ng'ombe wako hajamwagika. Yuko Madogo, aliyemnunua unamjua, na amekubali kumtoa. Wangapi wanaokosea wanapata mlango kama huo? Uza friza wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Ikipungua kidogo, usione haya kumwomba baba yako akuongeze. Ataudhika, lakini utakuwa umempigia simu kwa jambo ambalo ataweza kulijibu.

Na biashara haifi, acha kulia. Hapa nawaambia na wanafunzi wengine wanaosoma, maana ninyi vijana mna ugonjwa mmoja: hamjapata mteja wa kwanza mmeshanunua mtambo. Mama zenu huko Minjila wanauza maziwa tangu hamjazaliwa, na friza hawana. Maziwa ya basi la asubuhi yachemsheni asubuhi hiyohiyo, muyatie kwenye chupa za chai, mpite nayo hosteli wanafunzi wakitoka kwenda darasani. Yatakayobaki yagandisheni kwenye vibuyu, muuze mgando jioni kwa vikombe. Harufu ya moshi wanayoipenda wateja wako haikutoka kwenye friza. Anzeni na mnachoweza kukimaliza kwa siku, na siku mtakapokuwa mnafukuza wateja kwa sababu maziwa yamekwisha, ndipo mtafute friza, kwa faida ya maziwa, si kwa ng'ombe anayelisha nyumba ya mtu. Na masomo yasiachwe. Usisahau kwamba mama yule alikuombea usome mpaka mwisho, na dua yake bado unaitumia.

Hanan mwambie leo, kabla hujaitafutia friza mnunuzi. Yule ni binti wa kwetu Kipini, nawajua, tuna midomo lakini tuna haya pia. Akiondoka kwa kuusikia ukweli, basi hakuwa mwenzio wa biashara. Akibaki, mkae chini mwelewane nani anafanya nini na nani anapata nini, maana urafiki wa chuo ukiingia hela huwa unaharibika upesi. Lakini usimfiche. Uongo mmoja umekufikisha hapa, wa pili utakufikisha mbali zaidi.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililoniudhi kuliko yote. Umempigia baba simu. Umempigia mama. Umempigia hadi mfanyabiashara wa Madogo. Mimi nisiyekujua umeniandikia barua ndefu kiasi hiki. Qabale je? Nimeitafuta hiyo sentensi barua nzima sikuiona. Yule uliyemdanganya uso kwa uso, akakupa kamba na dua, hujamwambia hata salamu. Unataka baba akusamehe, lakini baba yako siye wa kukusamehe. Ndiyo maana hataki kushika simu.

Basi fanya hivi. Mrudishe Dimtu wewe mwenyewe, usimtume mtu. Baba asiende kwa niaba yako, mama asiende. Panda lori na ng'ombe wako kutoka Madogo mpaka kwenu. Ukifika Minjila usipitilize moja kwa moja kwa Qabale, pitia kwanza nyumbani, umwombe mama yako ruhusa ukishushe kile kibuyu ukutani. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata ukikosa cha kutia utatia limau. Qabale amerudisha chombo kitupu, mwanangu, mwanamke anayejua adabu kiasi cha kukifukiza moshi kitu ambacho hatakitumia tena. Hakuwa na hata tone la kutia. Hiyo ndiyo iliyomfanya mama yako akitundike asitake kiguswe.

Mkamue Dimtu hapo uani kwenu, kwa mkono wako. Kijaze. Kisha umwongoze ng'ombe na ndama wake mpaka kwa Qabale, na ukifika mwambie, "Baba hakujua. Nilikudanganya." Maneno hayo yanatosha, usiongeze habari za chuo wala za biashara. Mpe kibuyu kilichojaa, kisha mpe kamba mkononi kama alivyokupa. Na yule mdogo akija kushika mkia wa ndama, muache ashike.