Bomba Tulilolikata Fupi

Jumatatu, 3 Machi
Kiwandani saa moja kamili, kama zamani. Nilistaafu nikarudi kwangu Homa Bay. Sasa wameniita Migori kwa ajili ya bomba la mvuke linaloingia kwenye tabaini, mashine inayozungushwa na mvuke. Tulilifunga mimi na fundi mwenzangu Owino. Owino amekufa, nimebaki mimi. Harufu ya molasi, ule uji mweusi wa miwa, ni ileile. Pale getini nilijisikia kijana. Upuuzi.

Jumanne, 4 Machi
Injinia Akinyi ni wa rika la binti yangu. Hesabu zake za kompyuta zinasema bomba limechoka konani, anataka kuongeza mzingo, kipande kilichopindwa ili bomba lipate nafasi ya kurefuka. Nikamweleza: tulilikata fupi kwa milimita thelathini, makusudi. Tukalivuta kwa mnyororo mpaka likafika, ili likipata moto lirefuke bila kuisukuma tabaini. Siku mbili tulivuta. Owino akiimba. Siku tamu zile.

Akasema, "Baba, kuvuta kunaipunguzia tabaini msukumo tu. Bomba likipata moto na kupoa, linakwenda na kurudi kiasi kilekile. Uchovu haupungui."

Hata nafuu hiyo ya msukumo, kwenye hesabu anakubali theluthi mbili tu ya tulichovuta. Eti hakuna anayejua tulivuta kiasi gani hasa.

Mimi najua. Nimeudhika.

Alhamisi, 6 Machi
Boila imepoa. Kesho tunafungua bolti. Nimewaambia mafundi walishike bomba kwa mnyororo kwanza, lisiruke. Nataka Akinyi aone milimita thelathini yake.

Ijumaa, 7 Machi
Bolti ya mwisho imetoka. Mnyororo ukalegezwa, bomba likarudi nyuma polepole. Nikapima mwenyewe.

Kumi na nane.

Nikapima tena. Kumi na nane.

Akinyi aliandika tu. Heri angecheka. Labda tulikosea kukata. Labda chuma kimelegea kwa moto wa miaka yote hii. Owino hayupo nimuulize. Nimeona haya sana.

Jumatano, 12 Machi
Mzingo umefungwa. Akinyi aliniomba nimwonyeshe namna ya kuvuta bila kupinda flanji, zile sahani za chuma zinazoungwa kwa bolti. Nikamwonyesha. Ana mkono mzuri. Mvuke ukapita, tabaini ikazunguka kimya. Hasira imeniisha.

Jumapili, 16 Machi
Nimepitia Karungu kumwona Mama Achieng, mjane wa Owino. Kanipikia mbuta. Akakumbuka wiki ile tuliyofunga bomba: Owino alirudi nyumbani vidole vimevimba, hawezi kumega ugali. Akamlisha tonge kwa tonge, watoto wakimcheka.

Sikuwahi kujua. Kazini aliimba tu.

Tukacheka. Akaniongezea samaki.