Kadi ya Mtandao na Maji ya Bahi

Area C, Dodoma
Jumatano, tarehe 9 Aprili

Mpendwa Gladness,

Pole tena, ndugu yangu. Nimesikia ulifika Mbeya juzi jioni na kwamba kazini wamekuongezea siku saba za kupumzika. Nimefurahi, maana siku ya kuondoka ulikuwa hujala kitu tangu asubuhi. Je, usingizi unakuja? Mtoto amepona kikohozi? Mama yako nimezungumza naye leo. Anasema anakunywa uji, na majirani hawajamwacha peke yake hata siku moja. Mimi mwilini ni mzima.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zetu zinapatikana. Tangu Jumapili nimekupigia mara tatu, na kila mara nikakata kabla hujapokea. Kwa sauti ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na mimi ningeshukuru kubembelezwa nikanyamaza. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuomba uisome yote, hata kama ukifika katikati utataka kuichana.

Nataka ujue siku ile ilivyokwenda ofisini kwetu. Kazi yangu unaijua: naitunza kompyuta inayopokea vipimo vya maji ya mto kutoka vituo vitatu vya juu. Maji yakivuka alama nyekundu, kompyuta yenyewe hutuma ujumbe kwenye simu za wakulima wote wa majaruba ya mpunga ya Bahi walioandikishwa, baba yako akiwa mmoja wao. Kutoka kituo cha juu kabisa mpaka mashambani, maji hutumia kama saa nne. Saa nne zinamtosha mtu kukusanya watoto, ng'ombe na jembe, akaondoka bila hata kukimbia.

Alhamisi ile nilifika ofisini saa mbili nikakuta mashine inawaka lakini haipokei chochote. Radi ya jana yake ilikuwa imeunguza sehemu inayounganisha waya wa mtandao. Mkuu wangu, Bwana Ludovick, alikuwa safarini Kibaigwa. Nilikwenda kununua kadi mpya ya mtandao kwenye duka la Barabara ya Saba, nikarudi, nikafungua mashine, nikaichomeka, nikawasha. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilidhani nitamaliza kabla ya chai.

Haikufanya kazi. Mashine ile inatumia Linux, na hakuna dirisha la kubofya wala picha ya kukuonyesha kosa. Unaandika amri, inakujibu kwa maandishi. Niliwasha huduma ya mtandao, ikajibu kwamba imeshindwa. Nikarudia, ikashindwa. Mara moja nikaamua kwamba inakosa draiva, yaani ile programu ndogo ya kuiongoza kadi. Nikaitafuta kwa simu yangu, nikaihamisha kwa flashi, nikajaribu kuiweka kwenye mashine. Ikadai faili jingine. Nikalitafuta hilo, nalo likadai jingine. Nilichomoa kadi nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha. Nilibadilisha waya. Nilizidi kuharakisha, kwa sababu nje kulikuwa na jua kali Dodoma nzima, lakini upande wa kaskazini mawingu yalikuwa meusi tangu alfajiri.

Saa saba ilipopita nilikuwa nimechoka kubahatisha. Niliacha kila kitu, nikafungua kumbukumbu za mashine yenyewe, zile inazojiandikia inapowaka, nikazisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Hapo nikaona. Mashine ilikuwa imeitambua kadi mpya tangu dakika ya kwanza. Draiva ilikuwamo. Ila kadi ya zamani iliitwa eno1, na hii, kwa kuwa imekaa mahali pengine, ilikuwa imepewa jina enp4s0. Faili la mipangilio liliendelea kuiamsha eno1 ambayo imekufa, na kadi iliyo nzima ikakaa pembeni ikisubiri kuitwa. Nilifuta jina moja, nikaandika jingine. Herufi sita, Gladness. Taa ya kijani ikaanza kupepesa, vipimo vyote vilivyokwama njiani vikaingia kwa mkupuo, na kila mstari ulikuwa mwekundu. Saa saba na dakika ishirini ujumbe ukaondoka.

Yaliyofuata uliyasikia msibani. Watu thelathini na wanane walitoka majarubani kabla maji hayajafika. Mzee wetu alikuwa jaruba la mwisho kabisa na maksai wake, na simu alikuwa ameiacha nyumbani ikichajiwa. Mama ndiye aliyeusoma ujumbe. Akamtuma mtu wa bodaboda amfuate, na yule bodaboda akakuta njia imeshafunikwa. Siku ya mazishi mama alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, akasema Mungu aibariki mikono iliyotuma ujumbe ule, maana bila hiyo Bahi ingezika kijiji. Nawe ulinikumbatia ukasema nisijilaumu kwa ajili ya mtu mmoja, kwa kuwa nimewaokoa wengi.  Ofisini nako kikao kilinipigia makofi.

Sasa sikiliza ambayo sikuyasema.

Ukutani, juu ya ile mashine, pamebandikwa karatasi ya maelekezo. Inasema kompyuta ikinyamaza zaidi ya nusu saa, mtumishi awapigie simu waangalizi wa vituo, apokee vipimo kwa mdomo, na alama ikivukwa awapigie viongozi wa vijiji. Ni kazi ya dakika kumi. Sikuifanya, kwa sababu saa nne kamili Bwana Ludovick alipiga simu kutoka Kibaigwa akaniuliza, "Vipimo vinaingia?" nami nikamjibu, "Vinaingia, bosi, hakuna shida." Kipindi changu cha majaribio kilikuwa kimebakiza siku tisa, na mwezi uliopita alishasema mbele ya wenzangu kwamba hana hakika kama mashine hii naiweza. Nilijiambia nitaitengeneza kabla hajajua.

Baada ya dakika kumi simu ya ofisi ililia. Niliona jina: Swaumu. Ni dada mmoja mwenyeji wa Kondoa, anayetunza kituo cha juu na kuishi jirani nacho. Nilifikiri anataka kuuliza kwa nini vipimo vyake havifiki, na nikihojiwa naye habari itamfikia mkuu. Nikaiacha ilie. Akapiga tena. Nikaizima mlio, nikaigeuza kifudifudi, nikaendelea na flashi yangu. Wakati ule maji yalikuwa yamevuka alama mbele ya macho yake. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Mama ameniambia baba alitoka nyumbani saa tano, baada ya kunywa chai, na alikuwa hana haraka.

Jumatatu nilimpigia Swaumu. Sikumwuliza kwa nini hakuniripoti, lakini alilijibu mwenyewe, kwa upole kabisa: "Nilijua umeshaona kwenye mashine, mdogo wangu. Nilipoona hupokei nikasema, huyo anahangaika kuwapigia watu wa Bahi. Nikakaa nikakuombea."

 Kama ningeipokea simu ile, habari ingemkuta baba yako akiwa bado mezani. Nimeligeuza kila upande nikitafuta njia ambayo jibu linatoka tofauti, na halitoki.

Jana nilimwandikia Bwana Ludovick maelezo yote, kurasa mbili, nikayatia sahihi. Aliyasoma, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba maji yangekuja tu, na kwamba nikitaka anaweza kunirudishia zile karatasi iwe kama hakuziona. Nilimwomba azipeleke panapohusika. Ameniambia nisiende kazini mpaka nitakapoitwa. Kwa mama nitakwenda mwenyewe Jumamosi, nimwambie ana kwa ana, kwa sababu sitaki alisikie kutoka kwa mtu mwingine na sitaki aendelee kuiombea mikono yangu bila kujua. Kama unaona uwepo siku hiyo, au unaona asiambiwe kwanza, nijulishe kabla ya Ijumaa na nitafuata unavyotaka. Usiponijibu nitakwenda.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Tumelala chumba kimoja chuoni Chimwaga miaka mitatu, na nakujua: nikikuomba utanipa upesi, kabla hujamlilia mzee vizuri. Mlilie kwanza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani waliokusaidia na mtoto ulipokuwa huku. Yeye mwenyewe mbusu, ila usimwambie ni busu la shangazi Aneth mpaka utakapoamua kama mimi bado ni shangazi yake.

Aneth