Kona za Nyumba ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Hamjambo huko mliko? Kifua chako kimepoa, au bado unakohoa usiku kucha na kumwambia wifi yangu ni vumbi? Mapacha je, wameizoea shule? Mama ananiuliza habari zenu kila siku na anataka nimjibu papo hapo, kana kwamba mnakaa chumba cha pili. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua akiinuka, akikaa halimsumbui, kwa hiyo akishakaa ndiyo kakaa.

Mimi pia ni mzima, ila situlii. Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi. Nikiandika mistari miwili nanyanyuka kwenda kuutazama ukuta, kisha narudi, kisha nasikia kama mawingu yananguruma, natoka tena. Ukiona mwandiko umebadilika katikati, ujue nilikuwa nje.

Nina habari ya nyumba mpya ya Mama, na nataka uisome mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Unakumbuka ni wewe uliyetaka tujenge kwa matofali ya saruji yenye matundu. Ukasema ni mepesi, nyumba haitashika joto, na nyaya za umeme zitapita humo humo ndani. Mama alipoyaona mara ya kwanza aliuliza kama ndivyo yalivyo au kuna kitu kimeyala. Nimeyafyatua mwenyewe pale kiwandani na kuyamwagilia maji kwa mkono wangu, kwa hiyo tofali lenyewe halina neno. Tatizo halikuwa kwenye tofali.

Mhandisi alituachia sharti moja. Matundu mengine yabaki wazi, lakini ya kwenye kona, na ya kando ya kila mlango na dirisha, yapitishwe nondo kutoka kwenye msingi hadi juu, halafu yajazwe zege pomoni. Hapo ndipo nyumba inaposhikana. Bila hivyo ni matofali yaliyopangana tu, na wewe juu yake unataka ghorofa.

Kazi tulimpa Mjomba, na hata wewe usingempa mtu mwingine. Huyu ndiye ndugu pekee aliyebaki wa Mama, na mtaa mzima unamwita Timazi kwa jinsi kuta zake zinavyosimama wima. Mwezi uliopita kiwandani tulipata kazi ya matofali ya shule, nikawa natoka asubuhi na kurudi jua likizama. Nilikuta ukuta umepanda, nikakupigia picha, ukanijibu kwa ujumbe wa sauti: mwambie Mjomba asilaze mwiko, Desemba nije nikute bati. Nilimsikilizisha. Alicheka.

Alhamisi tulimaliza kazi ya shule mapema, nikafika hapa mchana. Mjomba alikuwa amekwenda kula. Nikazunguka nyumba nikigongagonga kwa mpini wa nyundo, si kwa kumshuku mtu, ni tabia tu, hata meza naigonga. Kona ya nyuma ilinijibu kama debe. Nikapanda juu ya ndoo nikagonga mistari miwili ya mwisho: mizito, imejaa. Nikashuka chini: debe. Nikaenda kona ya pili, ya tatu, ya nne. Zote hivyo hivyo, Kaka.

Nikachukua tindo nikatoboa tofali la mstari wa tatu kutoka juu, tundu la kuingiza kiganja. Ndani nondo ilikuwa imesimama peke yake, ina vumbi. Nikapeleka mkono juu nikashika karatasi. Mfuko wa saruji ulikuwa umekunjwakunjwa na kusokomezwa mle, na juu yake ndipo zege lilipomwagwa, kama kifuniko. Ukitazama kutoka juu unaona kona imejaa vizuri.

Kwanza nilimgeukia kibarua anayechanganya zege, mtu mzima, baba wa watoto watano. Nilimwita kwa sauti ambayo sasa naionea haya. Alisimama na koleo lake akaniambia:

"Dada, mimi nachanganya tu. Kujaza kona fundi anajaza mwenyewe, tena anatutuma tukachote maji kwanza."

Mjomba akatokea anajifuta mdomo. Aliliona tundu kabla hajaniona mimi.

"Nani kakwambia utoboe?"

"Mjomba, ingiza mkono humo."

Hakuingiza. Alisema aliacha ili ajaze baadaye. Nikamuuliza, na karatasi? Akaanza kuuinua mkono wake wa kulia mbele yangu, polepole, ukafika usawa wa kifua, ukaanza kutetemeka, ukasimama.

"Unaishia hapa," akasema. "Tangu mwezi wa nne."

Kaka, ndoo ya zege lazima ivuke kichwa ndipo imiminwe kwenye tundu. Moja aliweza, mbili aliweza, si thelathini. Angempa kibarua amimine, lakini kibarua angejua, na mtaa ungejua, na asingeitwa tena kazini na mtu yeyote. Aliniambia alitaka amalize nyumba ya dada yake kwanza, halafu watu wajue wanavyotaka. Nilimjibu kwamba dada yake ndiye angelala humo. Akakusanya vifaa vyake kwenye mfuko, kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akaondoka.

Tangu hapo simu yake ikawa imezimwa. Mama alipouliza mbona kazi imesimama, nilimwambia Mjomba kafuata nondo. Nilimdanganya bila kupepesa. Nilizunguka nyumba ile mpaka nikachora njia kwenye mchanga. Na kilichonisumbua zaidi ni hiki, nakuambia wewe tu: mwezi wa sita nilimwona akishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikamtania kwamba uzeeni kageuka wa mashoto. Sikumuuliza. Kisha nikawa namletea zile sauti zako za haraka, moja baada ya nyingine, na kumcheka.

Jana asubuhi akarudi. Hakuwa na mfuko wa vifaa, kavaa shati lake jeupe la shughuli. Alinipita akaenda moja kwa moja kwa Mama, aliyekuwa anakunja nguo mlangoni, akakaa chini mbele yake.

"Dada, nyumba yako nimeijenga vibaya."

Akamweleza yote, hata karatasi. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, Mama aliuliza jambo moja.

"Ingeniangukia?"

"Ingeweza."

Mama alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Nikafikiri atalia, au atamfukuza.

"Huo mkono umemwonyesha daktari?"

"Hapana."

"Kesho kutwa utakwenda. Haya, mnaanza na kona gani?"

Usidhani yaliishia hapo. Mama hakumtazama tena usoni mchana kutwa. Maji ya kunywa alimpelekea, lakini aliyaweka chini na kuondoka.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyewaambia vibarua. Yule mchanganya zege alimsikiliza akasema, "Tulijua, mzee. Tulikuwa tunangoja useme." Mjomba aligeukia ukuta, nasi tukajifanya tunatafuta ndoo.

Tulitoboa chini ya kila tundu lenye nondo, tukavuta karatasi, tukasafisha. Kona ya nyuma ililegea tulipokuwa tunaichokonoa, ikabidi tuibomoe hadi usawa wa dirisha. Inauma kuangusha tofali ulilofyatua mwenyewe. Kona tatu nyingine zilipona. Mimi nilipanda kwenye jukwaa, vibarua wakanipa ndoo, tukamimina zege jepesi kidogo kidogo, tunalishindilia kwa kipande cha nondo, tunangoja, tunamimina tena. Mjomba alikaa chini, sikio ukutani, anagonga kwa kidole. "Bado. Bado. Kuna pengo hapo, shindilia." Hakukosea hata mara moja. Mkono umekwisha, lakini sikio lake bado lina ufundi kuliko sisi sote.

Ndiyo maana leo situlii. Zege limelala usiku mmoja tu, mvua inatishia, nimefunika kona kwa maturubai na upepo unayafunua. Kesho nampeleka Mjomba hospitali. Jumatano mhandisi anakuja kugonga kwa nyundo yake mwenyewe, na akisema bomoeni zote, tutabomoa.

Sasa yako. Desemba hutakuta bati, na habari ya ghorofa naomba uiweke kando mpaka mhandisi atoe neno. Njooni hivyo hivyo, mtalala kwenye vyumba vya zamani, mapacha watalala na mimi. Na zile sauti za kuharakisha, usizitume tena. Sikulaumu peke yako, nami nilikuwa mbeba ujumbe. Lakini wewe uko mbali, na haraka ya mtu wa mbali huku inafika ikiwa nzito.

Mpigie Mjomba. Sikuambii umsamehe wala umgombeze, hayo ni yenu. Kila simu yangu ikilia anaweka chini alichoshika na kunitazama, anafikiri ni wewe. Jana jioni aliniomba nisikuandikie. Nilimwambia nitaandika, kwa kuwa nyumba ni ya sisi sote. Akatembea hadi getini, akasimama, akarudi.

"Andika," akasema. "Ila andika kwamba nilikuja mwenyewe."

Alikuja mwenyewe, Kaka. Hakuna aliyemfuata.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie ile shuka aliyomtumia Mama ndiyo Mama aliyokuwa akikunja. Wabusu mapacha, hasa yule msemaji, waambie shangazi yao yupo juu ya jukwaa. Mama anakusalimu na anasema uvae vizuri kifuani. Vibarua nao wanakusalimu ingawa hawakujui. Mungu awafunike huko ugenini, awape kazi njema na usingizi mwema, atukutanishe tukiwa wote tunapumua.

Naishia hapa, turubai limefunuka tena.

Ndimi dada yako akupendaye,
Mdogo wako wa mwisho