Spika ya Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Leo sinema ya nyumbani imeingia kwa dada. Maboksi saba! Shemeji, mume wake, ni mpima ardhi aliyestaafu juzijuzi. Mtu wa kupima hata kina cha chai kwenye kikombe. Kajinunulia zawadi: sauti ya kuzunguka. Nikamwambia asihangaike na fundi, fundi ndiye mimi. Gereji nzima inaniita Sikio. Gari likiingia getini tu nishajua plagi ya tatu imechoka. Hata lori lililozimwa nalisikia linaumwa nini. (Hilo la lori nimekoleza. Lakini wamecheka.)

Shemeji akanitazama juu ya miwani. Haya, akasema, tuone kama sikio la pistoni ni sikio la sinema. Ndiyo kusema jina langu liko mezani. Nikiharibu hapa, habari itafika gereji kabla yangu.

Boksi limeandikwa 5.1. Nikawaeleza: spika tano, msikilizaji mmoja. Dada akafungua kitabu cha maelekezo — mshonaji huyu, hakati kitambaa kabla hajasoma — akasema nukta moja ni lile boksi la besi. Linabeba sauti nzito peke yake, kipande tu cha sauti yote, ndiyo maana halihesabiwi spika nzima. Nikasema najua, nilikuwa nawapima.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kupanga. Mimi nilitaka spika zote tano mbele, zijipange kama askari. Shemeji akatoa tepu yake ya kupimia na kile kipima-pembe cha kazini. Tatu mbele. Mbili za nyuma, nyuzi mia na kumi kutoka pua ya aliyekaa, juu ya masikio kidogo. Kochi limehamishwa mara nne. Mgongo wangu!

Dada: mkitoboa ukuta wangu mtalala humo humo kwenye tundu. Tukaziweka juu ya stuli ndefu.

Spika ya kati, chini ya TV, ni ya maneno ya watu. Nikauliza kwa nini midomo ipewe spika yake. Shemeji akasema ili neno litoke kwa msemaji, lisitoke kwenye pazia. Jibu zuri. Sikumwambia kwamba ni zuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa! Niliacha shule darasa la sita lakini leo nimeelewa kitu ambacho mpima ardhi hakukielewa!

Jana spika zote zilitoa sauti ila hakuna kilichozunguka. Leo saa ya chakula nikakaa na kile kitabu chini ya lori, kurasa zikaingia grisi. Ni hivi. Sauti husafiri ikiwa imefungwa kama mzigo. Filamu ya zamani ina mafungu mawili, kushoto na kulia, hiyo ndiyo stereo. Mashine ile inayolisha spika inaweza kuyagawa kwa spika zote, lakini ni kuongeza maji tu. Dolby na DTS ni namna za kufunga mafungu sita, kila fungu na spika yake. Sasa TV ya shemeji ilikuwa inapokea mzigo wa sita, inaufungua yenyewe njiani, inapeleka mawili. Ilikuwa imewekwa PCM. Nikabonyeza rimoti mpaka bitstream, maana yake: peleka mzigo kama ulivyo, usiufungue. Taa kwenye mashine ikaandika herufi mpya.

Nikawaambia ilikuwa injini ya silinda sita inayochoma mbili. Shemeji akapiga makofi. Shemeji! Miaka ishirini na miwili nimeijua mikono ile, haijawahi kunipigia makofi.

Kuna namna nyingine ya kufunga mzigo, ya spika za darini, mvua inyeshe kutoka juu. Dada akasema dari yake isiguswe.

Ijumaa, 7 Machi

Tatizo. Mashine ina kipimo chake: inatoa shhhh, spika moja baada ya nyingine. Mbele kushoto, kati, mbele kulia, nyuma kulia — safi. Nyuma kushoto — hovyo. Kama mtu anapumua chumba cha pili. Na haitoki pale ilipo.

Nikasema spika imekufa. Nikaibadilisha na ya kulia. Ile "mzima" ilipokaa kushoto nayo ikafa, na ile "maiti" ikafufuka. Basi si spika, ni mashine. Tundu la nyuma kushoto bovu. Hivyo ndivyo fundi anavyofikiri, hatua kwa hatua.

Dada akasema yeye anasikia sawa. Shemeji akakaa nilipokuwa nimekaa, akafumba macho. Akasema hata yeye anasikia sawa. Kisha akasema, "Lakini mwenye masikio ni wewe, shemeji. Ukisema bovu, ni bovu."

Nimerudi nyumbani natembea kwa madaha.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaenda dukani peke yake. Kasimulia mwenyewe: kagombana na muuzaji mbele ya wateja. Muuzaji: mbona ilipimwa ukiwepo? Shemeji: shemeji yangu ana masikio yanayolisha nyumba mbili. Mtu huyu hajawahi kupaza sauti maisha yake yote! Fundi wao atakuja Jumatatu na kipima sauti.

Jumapili, 9 Machi

Wametoka kwenda kumwona mama mkwe wa dada. Wameniachia ufunguo. Nilitaka nimkamate mgonjwa kabla fundi wa duka hajanipokonya sifa.

Shhhh ya nyuma kushoto. Hovyo vilevile. Nikaamua kumkaribia: nikageuza kochi, nikakaa nikiitazama, mgongo kwa TV. Ikawa wazi kidogo. Nikageuka zaidi, ikawa upande wangu wa kulia — kumbe safi kabisa! Na ile ya nyuma kulia, iliyokuwa nzima siku zote, ikafifia.

Nikageuka tena. Nikarudi. Nimezunguka na lile kochi kama feni.

Nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Sebule ikazimika.

Mashine inaendelea shhhh, shhhh, inazunguka chumba kwa zamu, inafanya kazi yake.

Simu naishika kulia. Kitandani nalala nimelalia lipi? Kwenye injini nainamisha kichwa, watu wanadhani ni ufundi. Na mimi nilidhani ni ufundi.

Ni lile tairi la lori, mwaka juzi. Kila mahali nasimulia lilivyopasuka nikalidaka kwa kifua. Sikulidaka. Lilinirusha nikaangukia madebe, na kushoto kukalia kengele siku tatu. Kengele ilipoisha nikashukuru. Kumbe iliondoka na kila kitu.

Leo nimeelewa kile kitabu kuliko Alhamisi. Hakuna kinachozunguka sebuleni. Ni spika tu, kila moja imesimama mahali pake, inasema fungu lake. Kinachozungusha ni masikio mawili, moja linaliuliza jingine: wewe umesikia kwanza au mimi? Langu halina wa kumuuliza. Hata bitstream haisaidii.

Nimerudisha kochi kwenye alama za shemeji. Ameweka karatasi ya gundi sakafuni, sentimita kwa sentimita.

Nimwambie? Gereji nani ataleta injini kwa Sikio la upande mmoja? Nisipomwambia, ametukana watu dukani kwa ajili yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye ngazi ya nyuma kwa dada. Nimesema natoka kuvuta hewa.

Fundi wa duka mpole, ana begi dogo. Amekishika kipima sauti pale kichwa cha msikilizaji kinapokaa. Sabini na tano. Sabini na tano. Zote tano, sabini na tano. Akauliza kwa adabu, nani alisema ya nyuma kushoto ni mbovu?

Nilifungua mdomo. Nakula kiapo, nilikuwa nimeshaufungua! Shemeji akasimama kabla yangu. Akasema kipimo kinaweza kukosea, yeye kapima ardhi miaka thelathini na anajua vipimo vinavyodanganya. Fungua mashine, akasema. Shemeji yangu akisema, amesema.

Dada hakumtazama fundi. Alinitazama mimi. Halafu akaniambia kitu, polepole, midomo ikicheza kidogo tu. Alikuwa amekaa kushoto kwangu. Nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Ndipo nikatoka.

Sasa nasikia wanafungua skrubu. Au ni jirani? Hapana, ni wao. Mashine nzima kabisa inapasuliwa kwa ajili ya kichwa changu.

Naingia. Nikimaliza mstari huu naingia, namwambia shemeji aniketishe kwenye lile kochi, asimame nyuma yangu aongee, nami nionyeshe kwa kidole yuko wapi. Ataelewa. Anapenda vipimo.

Kuna mtu ananiita. Mara ya pili hii. Kuna mlango wa jikoni na kuna uchochoro wa pembeni, nami nimesimama katikati na daftari, sijui sauti inatoka wapi