Kijani cha Hamadi

Jumatano, Msambweni

Na bado wanamwita Hamadi "daktari," ilhali sote wawili ni watu wa maabara tu.

Asubuhi uliletwa ubongo wa mbwa aliyemng'ata Bi Mwanakombo wa Mwabungo. Niliupaka rangi kama nilivyofundishwa na yule Mzungu aliyerudi kwao baada ya uhuru, nikatazama kwa hadubini mpaka macho yakaniuma. Sikuona dalili ya kichaa cha mbwa. Nikasema, "Mbwa huyu hana kitu."

Hamadi, aliyerejea juzi kutoka masomoni ng'ambo, akasema, "Kaka, niruhusu nami nijaribu." Upole wake ndio unaoniudhi zaidi.

Akatia kingamwili zake zenye rangi, zile zinazonata penye virusi tu, akawasha taa yake mpya. Kisha akaniita nitazame. Seli za ubongo zilijaa vitone vya kijani vinavyong'aa. Vilipendeza, na hilo nalo liliniuma.

Bi Mwanakombo ameanza kuchomwa sindano leo hii. Mumewe alimshika Hamadi mikono yote miwili. "Mwenyezi Mungu akujaalie, daktari." Mimi nikaambiwa kwaheri tu.

Nafasi ile ya masomo tuliiomba pamoja. Wangenichagua mimi...

Linalonikosesha usingizi si hilo. Hamadi aliponiita, kabla sijainama kutazama, niliomba moyoni nisione kijani chochote. Nilimwomba Mungu Hamadi akosee, na nilijua kwamba akikosea yeye, Bi Mwanakombo angerudi nyumbani bila sindano.

Astaghfirullah. Mwanamke wa watu.