Kaseti ya Arusi ya Florentine

Butembo, tarehe 14 Juni 2001

Kwa Yaya wangu mpendwa, dada yangu Jokébed, huko Kamango,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, wewe na watoto Christa na Bénite, pamoja na wakwe zako wote waliokupokea. Je, mu wazima? Kikohozi cha Bénite kimepoa? Na mihogo mliyopanda imeshika, au mvua imeiozesha? Sisi huku tunapumua. Mama analalamikia magoti yake, lakini Jumapili bado anafika kanisani kabla ya mchungaji na kuwakaripia wanakwaya wanaochelewa. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Barua uliyompa Issaka, dereva, ilinifikia juzi. Nimeisoma mara nne. Unasema shemeji zako, wadogo wa Phinées, wameapa kuja huku kumtafuta Kasonia, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuza mume wako kwa askari. Unasema hukuwazuia, na kwamba hata maji ya safari utawachotea mwenyewe. Yaya, nakusihi, wasitoke. Waambie watoto wanaumwa, waambie daraja limekatika, sema uongo wowote, mpaka uwe umemaliza karatasi hizi. Nimemwomba Issaka akukabidhi mkononi mwako na asiondoke kabla hujafika kwenye jina langu.

Uliomba pia nikueleze arusi ya wifi yako Florentine, kwa sababu vita vilikufungia njia. Mwezi wa pili nilikuandikia mistari miwili tu, ya kivivu. Leo nitaeleza vizuri, maana yote yalianzia pale.

Unaikumbuka ile nyumba ya mzungu kwenye shamba la kahawa, barabara ya Beni? Vita vya kwanza viliiacha mifupa mitupu. Milango iligeuzwa kuni, na mbuzi walikuwa wakilala sebuleni. Basi Papa Nzanzu, baba wa bwana arusi, aliinunua na kuitengeneza miaka miwili. Alirudisha vigae vyekundu juu, akasafisha mawe ya baraza moja moja, na vioo vya madirisha vilitoka Kampala vikiwa vimefungwa kwa majani ya migomba. Watu walimcheka: wenzake wanakimbia vita, yeye anapaka chokaa! Mimi sikucheka. Nilisema moyoni kwamba nyumba hii ndiyo itakayonipa jina kama mpiga video.

Unanijua, Yaya. Tangu utoto napenda kusifiwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba Éliakim akipewa kofia atataka na kioo. Siku ile nilifika na kamera yangu tangu asubuhi. Nilimpiga picha Florentine akishuka ngazi, gauni likifagia mawe, na ukungu ukiondoka polepole kwenye mibuni nyuma yake. Alikuwa ameinamisha macho kama inavyompasa bibi arusi wa kwetu, asionekane anafurahi kuwaacha wazazi. Nilipiga kwaya, nilipiga mbuzi wa mahari wakihesabiwa na wazee kwa kelele na mizaha. Kisha nikaenda jikoni. Wajua huku kwetu video isiyoonyesha sufuria si video, watu watauliza kama wageni walilala njaa.

Jikoni palikuwa na mpishi mrefu, kitambaa kichwani, anakoroga maharagwe kwa mwiko mkubwa. Aligeuka. Alikuwa Phinées.

Nusura niangushe kamera. Tangu askari walipomwita daktari wa wapiganaji wa Mai-Mai, eti kwa kuwa alifunga kidonda cha mtu aliyeletwa kwake akivuja damu, sote tulidhani amevukia Uganda. Kumbe Kasonia, mlinzi wa shamba lile, alikuwa amemficha miezi mitatu bila hata Papa Nzanzu kujua. Siku ile alimvalisha aproni ili amwone dada yake akiolewa, hata kwa mlango wa jikoni. Kasonia alinishika mkono akaniambia nizime mashine. Nilizima. Lakini Phinées mwenyewe ndiye aliyeniomba niiwashe tena, mara moja tu. Alisema Jokébed analala bila kujua kama ana mume, na angependa umwone na umsikie. Alinitaka nipige salamu zake kwako, nizikate kutoka kwenye kaseti ya arusi, nikutumie wewe peke yako. Niliapa kwa jina la Mungu. Alisimama nyuma ya jiko, akafuta jasho, akasema maneno yake.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakataa.

Wajua desturi ya kazi yetu. Ukimaliza arusi, Jumamosi inayofuata, soko likijaa, unaweka televisheni mlangoni mwa studio na kipaza sauti nje, unaonyesha arusi mpya. Ndivyo wateja wanavyokuja. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekosekana wiki nzima, kwa hiyo nakala nilikuwa sijatengeneza. Nilikuwa na kaseti mama tu, yenye vyote. Ningengoja. Mtu mwenye akili angengoja. Lakini mji mzima ulitaka kuiona nyumba ile, nami nilitaka waione kwa jicho langu. Nilijiambia nitasimama pale pale, na kamera ikielekea jikoni nitazima.

Watu walijaa mpaka barabarani. Wakati huo akaja Mama Marie-Jeanne, anamwoza binti yake mwezi wa nne, akaniita ndani kutazama picha. Akanisifu. Akasema hajaona mtu anayepiga ukungu namna ile. Nami, Yaya, nikakaa nikisifiwa. Nikasikia sauti ya mume wako nje, kwenye kipaza sauti, juu ya soko zima:

“Jokébed, mama ya batoto, usiogope. Niko muzima, nakulaka muzuri. Nalalaka kwa Kasonia, mu depo ya kahawa, nyuma ya mashini. Mutu hapana jua. Ambia batoto papa iko.”

Nilikimbia nikazima. Haikufika dakika. Nilitazama nyuso, sikuona sare ya askari. Watu walikuwa wananung’unika tu kwa nini nimekata. Nikarudi ndani nikajiambia hakuna aliyeelewa.

Ile ilikuwa Jumamosi saa nane. Askari walifika shambani Jumatatu asubuhi. Walipita nyumba kubwa bila kuuliza, wakaingia depo, ghala la kahawa, wakaenda moja kwa moja nyuma ya mashine ya kukoboa. Kasonia hawakumgusa, hawakuwa na shida naye. Waliosikia sokoni waliogopa kusema, na wengine wote, kwa kuwa hakuguswa, wakauliza: nani mwingine aliyejua pale mahali? Na kweli, Yaya, hapakuwa na mwingine aliyejua, ila mimi na soko lote.

Hesabu mwenyewe. Jumamosi jioni nilikuwa na miguu. Jumapili kutwa nilikuwa na miguu. Pikipiki ingenifikisha kwa saa moja, ningesema tu, ondokeni hapo. Sikwenda. Ningelazimika kueleza kwa nini, na niliona haya. Kuonyesha kaseti ulikuwa upumbavu, na mpumbavu husamehewa. Zile siku mbili hazikuwa upumbavu.

Nilimfuata Phinées Beni, kwenye kambi walikompeleka askari. Nililala mtaa wa Beu, kwa Mama Hadjara, mke wa Issaka, na kila asubuhi nilipeleka chakula kwenye lango la kambi. Siku ya kwanza sahani ilirudi tupu. Ya pili vilevile. Ya tatu askari alinirudishia sahani na wali wake, akaniambia, “Weye, usileteke tena. Rudia kwenu.” Niliuliza kama amehamishwa. Akafunga lango. Nilipofika nyumbani kwake, Mama Hadjara aliona sahani imejaa, akavua viatu, akaketi chini, akaanza kulia kwa sauti. Nami nikakuandikia kwamba mume wako amehamishiwa Kampala.

Hakuhamishiwa popote. Wewe ni mjane tangu mwezi wa tatu, Yaya. Nimekunyima mume, tena nimekunyima na matanga yake.

Kasonia anajua nilikuwepo jikoni. Anajua niliapa. Amefukuzwa shambani, mke wake hauzi hata fungu la sombe, majani ya mihogo, sokoni, na Jumapili hii wazee wa kanisa wanakaa kumtoa ushirikani. Miezi mitatu yote hajalitaja jina langu. Nilikutana naye njiani wiki iliyopita. Alinisalimu, akauliza habari za Mama, akapita.

Jumapili nitasimama mbele ya wazee kabla hawajafungua kinywa. Nitasema kama nilivyosema hapa, na siku zile mbili nitazitaja. Shemeji zako wakija baada ya hapo, waje. Studio yangu wanaijua, mlango sitaufunga. Lakini kwa Kasonia wasikanyage.

Nina ombi moja, kama mtu wa aina yangu bado anaruhusiwa kuomba. Usinijibu mimi. Kalamu utakayoshika kwanza, mwandikie Kasonia. Mwambie alimlisha mume wako miezi mitatu.

Wape watoto salamu zangu ikiwa utaona inafaa wazipokee. Mama hajui bado, nitamwambia Jumamosi jioni ili asisikie kanisani pamoja na watu. Wasalimie wakwe zako. Mungu akushike mikono yote miwili wakati huu, maana mimi siwezi hata kukutazama.

Mimi niliyezaliwa nyuma yako,

Éliakim