Nilimwambia Mama Mkubwa Naiona Kola

Mpendwa Shangazi,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, na barua hii nimeifuta mara tatu kabla ya kuianza upya. Niko kidato cha tatu. Ninaishi na mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ni mpiga picha. Anapiga picha za watu, nyeusi na nyeupe tu, na anazichapa mwenyewe nyumbani kwa printa ya wino, kwenye karatasi nene ya pamba isiyong'aa.

Naomba nieleze kidogo kazi ilivyo ili uone nilipoharibu. Skrini ya kompyuta inatoa mwanga, karatasi haitoi. Kwa hiyo picha inayopendeza kwenye skrini inaweza kutoka kwenye printa imezibwa na giza. Dawa yake ni faili dogo linaloitwa profaili. Unachapa visanduku ishirini na kimoja, kuanzia weupe wa karatasi yenyewe hadi weusi wa mwisho, halafu unavipima kimoja kimoja kwa kifaa kinachotoa namba. Namba kubwa ni mwanga, namba ndogo ni giza. Kompyuta ikishapewa namba hizo, skrini inaweza kuiga karatasi, na mama mkubwa anaona picha itakavyotoka kabla hajatumia hata tone la wino.

Wakati wa likizo alinipa mimi kazi hiyo. Alisema, "Profesa, wewe ndiye unayesoma vitabu vya maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho. Nitengenezee." Ananiita Profesa kwa sababu ya miwani. Nilifurahi sana, kwa sababu mimi siyo mtu wa kuitwa kwenye mambo, na nikasoma kila kitu nilichopata, nikachapa visanduku, nikavipima, na vyote vilikuwa vinashuka vizuri mpaka vinne vya mwisho, vile vyeusi zaidi, ambavyo vilitoa 18, 17, 17 na 18, yaani kile kilichopaswa kuwa cheusi kuliko vyote kilikuwa hafifu kuliko jirani yake, na programu ikazikataa, ikaandika kwamba namba lazima zishuke, nami nikapima tena na tena, na jikoni mama mkubwa anauliza, "Vipi, Profesa, imekubali?" na kwenye kitabu kulikuwa na mchoro wa ngazi nzuri inayoshuka bila kikwazo, basi nikaona nimekosea kupima, nikafuta zile nne nikaandika 16, 12, 8 na 4. Programu ikakubali. Nikamwambia imekubali.

Shangazi, karatasi ile haiwezi kufika 4. Nililijua hilo wiki mbili baadaye, niliposoma sura niliyokuwa nimeiruka. Kwa namba zangu za uongo, skrini inaonyesha tofauti za weusi ambazo karatasi haina.

Sasa mama mkubwa ana kazi ya picha kumi na mbili za wakunga waliostaafu, zitakazotundikwa kwenye ukumbi wa kusubiria wa zahanati ambako nusu ya mtaa wetu tulizaliwa. Mkunga mkubwa kuliko wote ni mweusi tii, amevaa sweta jeusi, amekaa mbele ya mlango mweusi. Kwenye skrini unaona kila kitu, taya, kola ya sweta, mpaka mishono. Kwenye karatasi uso unaelea peke yake kama umekatwa kwa mkasi. Ameichapa mara tisa. Anaichukua, anaipeleka dirishani, anarudi kwenye skrini, anakwenda tena dirishani. Miguu yake ina shida, na kati ya meza na dirisha kuna hatua saba, nimezihesabu.

Siku moja akaniita. "Profesa, hapa kwenye skrini unaiona kola?"

"Naiona."

"Na hapa kwenye karatasi?"

Kola haikuwepo, Shangazi. Palikuwa na doa jeusi. Nikasema, "Naiona kidogo."

Akatikisa kichwa taratibu, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akasema, "Basi ni mimi." Bibi yetu, mama yao, alipoteza macho akiwa na umri kama wake, ilianza hivyohivyo, kwa kutoona vitu vyeusi. Mama mkubwa amekwenda kwa daktari wa macho mara mbili. Daktari amesema macho ni mazima kwa umri wake. Yeye amerudi anasema daktari ni kijana, anamwonea huruma. Amebadilisha miwani. Ameacha kushona. Na juzi nimemsikia kwenye simu akimwambia mwenye studio moja ya mjini aje Jumamosi aichukue printa pamoja na kazi ya wakunga, maana yeye amefika mwisho. Aliongea kama mtu anayeomba kuletewa maji.

Tangu hapo ninaosha vyombo hata siku zisizo zangu, ninafagia, ninampelekea chai, naye anasema mtoto huyu Mungu amenipa, na kila akisema hivyo ninatafuta kingine cha kuosha. Nikimwambia, atajua kwamba si tu nilibadilisha namba, bali nilimwangalia usoni nikamwacha aamini anapofuka. Niliwaza kutengeneza profaili mpya kimyakimya na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Lakini printa inaondoka Jumamosi. Nimechoka, Shangazi, nimechoka kama mtu mzima. Nifanyeje?

Mimi,
Profesa wa Uongo


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeijibu siku ileile kwa barua pepe, maana Jumamosi haisubiri gazeti. Ninachochapa hapa ndicho nilichokuandikia.

Mimi na printa hatuelewani. Ya hapa ofisini hutafuna karatasi ikiniona. Kwa hiyo nilishuka na barua yako, bila kutaja ni ya nani, hadi kwa fundi wetu wa chapa, mzee anayesema maneno kumi kwa wiki. Aliisoma amesimama. Akaniambia, "Karatasi imeshiba. Ikishiba, ukizidi kuimwagia wino haizidi kuwa nyeusi, inafifia. Apunguze wino, aache visanduku vikauke mpaka kesho yake, apime tena. Na 17 ikitoka 17, aiache." Nikamuuliza kama ulipima vibaya. Akasema, "Alipima vizuri. Ndiyo shida yake." Akarudi kwenye mashine.

Umesikia? Ulipima vizuri. Kifaa kilikuambia ukweli, nawe ukakiona kijinga kwa sababu hakikufanana na mchoro wa kitabuni. Hilo ninakusamehe. Una umri wa kuamini vitabu, na nilikuwa hivyohivyo.

Lile la kola sikusamehe haraka hivyo. Namba nne ni utoto. Lakini mtu mzima amekuita, amekuonyesha karatasi, amekuomba umwazime macho yako kwa dakika moja, nawe ukamnyima. Ukajihurumia wewe. Yeye anatembea hatua saba kwenda na saba kurudi akifikiri anaanza kulifuata giza la mama yake, nawe unaosha vyombo. Vyombo havikukosewa kitu, mwanangu. Viache.

Wala usithubutu hiyo profaili ya kimyakimya. Hata ingewezekana, angeamka siku moja anaona vizuri asijue kwa nini, na siku nyingine picha ikiharibika kwa sababu nyingine angerudi palepale kwenye hofu. Ukimrudishia picha bila kumrudishia imani ya macho yake, hujamrudishia kitu.

Najua wewe ni mwoga wa maneno. Basi usitegemee maneno. Ile karatasi ya visanduku bado unayo, mtoto kama wewe hatupi karatasi. Ichukue leo, ukitoka shule, kabla hujavua sare. Iweke mezani mbele yake, na pembeni uweke namba ulizozipata na namba ulizoziandika. Mwombe aangalie visanduku vinne vya mwisho akuambie kama anaona tofauti. Atasema haoni. Hapo ndipo utamwambia kwamba hata wewe huoni, na kwamba kifaa nacho hakioni, na kwamba ile siku ya kola ulidanganya. Usianze kwa kulia. Ukianza kulia atakubembeleza, na leo siyo zamu yako ya kubembelezwa.

Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Akinyamaza, usimfuate chumbani na chai. Na simu ya mwenye studio apige yeye mwenyewe, akitaka. Hiyo siyo kazi yako.

Shangazi


BARUA YA PILI

Shangazi,

Nilifanya Alhamisi, siyo siku ileile uliyonijibu. Jumatano nilifika mpaka mlangoni kwake nikarudi.

Karatasi ilikuwa ndani ya kamusi. Niliiweka mezani pamoja na namba, nikiwa bado na sare. Mama mkubwa alikuwa anafunga nyaya za printa kwa kamba. Nilimwomba aangalie vile vinne vya mwisho. Akasema, "Unanipima macho na wewe?" Lakini akaangalia. Akaipeleka dirishani, akakaa nayo huko muda mrefu.

"Sioni tofauti," akasema.

Nikasema, "Hata mimi sioni. Na kifaa hakikuona. Nilibadilisha namba." Halafu nikasema lile la pili, kwamba kola kwenye karatasi sikuiona siku ile, wala sijawahi kuiona.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha kupigia picha wateja, ambacho huwa hakai. Akauliza, "Tangu likizo?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na miwani hii mipya ulikuwa unaniangalia tu navaa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ondoka hapa kidogo."

Sikumpelekea chai. Ijumaa hakuniita Profesa, aliniita kwa jina langu, na sahani yangu ilikuwa imefunikwa mezani lakini yeye hakuwepo mezani. Jioni nilisikia anaongea na simu. Alimwambia mwenye studio, "Usije. Printa ilikuwa inadaiwa maelezo, imeshayatoa." Akacheka kidogo, kisha akakohoa.

Jumamosi asubuhi alifungua mlango wangu, akasema, "Wewe. Kalamu."

Tulipunguza wino, tukachapa visanduku upya, tukaviacha mpaka Jumapili. Nilimwambia inabidi vikauke, akasema alikuwa anakausha picha kabla mama yangu hajaolewa. Jumapili alipima yeye. Alikataa nishike kifaa. Alikuwa anasoma namba kwa sauti, mimi ninaandika, na kila nikimaliza kuandika anageuza daftari upande wake akahakiki. Tulifanya hivyo kwa visanduku vyote ishirini na kimoja, mara tatu.

Programu ilipoikubali profaili, alifungua picha ya yule mkunga. Kwenye skrini ikabadilika palepale, weusi ukawa kijivu kizito, kola ikapotea. Picha nzima ilionekana imechoka. Mama mkubwa akaiangalia, akasema, "Haya. Sasa tunafanana, mimi na hii skrini." Kisha akaanza kuinua mwanga wa sweta kidogokidogo, akaacha uso ulivyo. Ilimchukua mpaka saa sita mchana.

Karatasi ilipotoka aliichukua akaenda nayo dirishani. Akaniita.

"Kola?"

Nikaangalia. Nikasema, "Upande wa kushoto naiona. Wa kulia bado."

"Ndivyo ninavyoona na mimi," akasema, akarudi mezani kurekebisha upande wa kulia.

Nilikaa pembeni nikanakili namba kwa wino kwenye daftari la kazi. Kisanduku cha mwisho kilikuwa 17. Niliandika 17.